Badilisha Kabla ya Muhuri

Fuu, kisha kimya, kisha fuu. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na mashine ya oksijeni ya Bi Lempi Harju ilisikika kupitia ukuta wa jikoni kama kila siku. Marlys Niemi aliisikiliza huku akipima kahawa. Nyumba zao mjini Duluth ziligawana ukuta huo, na kwa miaka tisa Bi Lempi, ambaye sasa alikuwa na miaka themanini na mmoja, alikuwa akimwachia mkate wa iliki mlangoni kila Jumamosi.

Marlys ndiye aliyeandika programu za kampuni inayokodisha mashine ile. Leo ilikuwa Jumatano, na kibali cha bima kilikuwa kinaisha Ijumaa. Bila kibali kipya, gari la kampuni lingekuja kuichukua mashine. Ujumbe wa kuomba kibali ulikuwa umekataliwa mara kumi na nne.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, la kuudhi. Katika ujumbe wa XML, lugha ambayo kompyuta za mashirika huandikiana, kila lebo hutanguliwa na jina fupi, na mwanzoni huelezwa kwamba jina hilo linasimama badala ya anwani fulani ndefu. Kwa kanuni, jina fupi ni la kujichagulia. Kinachohesabika ni anwani. Lakini seva ya shirika la bima haikujali anwani. Ilitaka kuona "ns2", basi. Nayo programu saidizi ya Marlys, tangu iliporekebishwa Jumatatu, ilijiamulia kuandika "ns4". Marlys alikuwa ameongeza mstari wa kuigeuza kuwa "ns2", lakini ujumbe bado ulikataliwa.

"Anwani ni ileile!" Marlys aliiambia kompyuta. "Mtu akibadilisha koti, humjui tena?"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Gordon Wuollet akaingia, akavua buti zake zenye theluji na kuzipanga vizuri juu ya gazeti. Alikuwa amefariki miaka minane iliyopita. Ndiye aliyeiandika programu ya seva ile ya bima.

"Kahawa?" Marlys aliuliza.

"Hapana, usijisumbue."

"Ipo tayari."

"Hapana, kweli."

"Gordon, nakumiminia."

"Haya, nusu tu," alisema, akanywa vikombe viwili.

Kisha akavuta kiti na kusoma. "Hii ns4 unaigeuza kuwa ns2 mwishoni kabisa, ukishapiga muhuri wa kidijitali. Muhuri unahesabu kila herufi, Marlys. Ukigusa moja tu baadaye, wanaona umeuchezea ujumbe. Badilisha kwanza, ndipo upige muhuri."

"Na nani alilinganisha herufi badala ya anwani?"

"Mimi. Ilikuwa Ijumaa, wakwe zangu walikuwa njiani. Nikasema nitarekebisha Jumatatu."

"Jumatatu ya mwaka gani, bwana?"

"Usinichokoze. Tangu nizikwe nakwenda ofisini kwa hao wa bima kila wiki, lakini kadi yangu haifungui tena chumba cha mitambo. Mama wa mapokezi, mtu mwema sana, alinipa fomu. Inataka sahihi ya msimamizi wa mfumo."

"Si ukamtafute?"

"Bado wameandika ni mimi. Na sahihi ya marehemu hawaipokei."

Marlys aliupandisha ule mstari juu ya muhuri, akatuma. Saa kumi na mbili na dakika saba jibu likaja: kibali kimetolewa, mwaka mmoja. Fuu, kimya, fuu. Gordon aliosha vikombe vyote viwili, akavifuta, na kile kilichokuwa na ufa akakiweka nyuma ya vingine ili kisimkate mtu.

Alipokuwa akifunga kamba za buti, likaingia jibu la malalamiko ambayo Marlys alikuwa ameyapeleka juzi. *Mfumo wetu unafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Suala limefungwa. G. Wuollet, Msimamizi wa Mfumo.*

Gordon alilisoma mara mbili. "Sikuandika hilo."

"Najua."

"Niende. Nina waandika programu wawili wa kuwatembelea jikoni kwao mjini Fargo na mmoja Bemidji. Wote wamekwama palepale."

Marlys alimfungia kipande cha mkate wa iliki kwenye leso. Tarehe kumi na tano ile programu saidizi ingerekebishwa tena, na hakuna aliyejua safari hii ingejichagulia jina gani.

"Uje tena," alisema.

"Sitaki kukusumbua."

"Uje tena tu."

"Hapana, kweli."

"Gordon, uje tena."