Uji wa Mbwa wa Mzee Asegelile

Atupele alikuwa akipeta mchele uani, nyumbani kwa wakwe zake kule Mwaya, aliposikia kikohozi kwenye njia ya migombani. Kilikuwa kikohozi kikavu cha mara mbili, kikifuatiwa na kukwangua koo. Aliutupa ungo, mchele ukamwagikia kuku, akakimbilia nyuma ya jiko na kujifunika khanga usoni. Ndivyo alivyofanya kila mara tangu aolewe na Nelson, kwa sababu mwanamke wa Kinyakyusa hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamtazami, halitaji jina lake, hasemi neno mbele yake. Desturi hiyo huitwa ukutila. Siku hizi wengi wameilegeza, wanakaa benchi moja na wakwe zao kanisani na hakuna aliyedhurika, lakini nyumba ya Mzee Asegelile haikuilegeza hata kidogo.

Akiwa nyuma ya jiko ndipo alipokumbuka kwamba baba mkwe wake walikwishamzika na matanga yalikwishaanuliwa. Akachungulia. Aliyekuwa anapita uani ni Watasema, mbwa wa nyumbani, mzee mwenye mvi mdomoni. Mbwa akapanda kwenye kiti cha marehemu barazani, akakaa upande kwa sababu ya nyonga ya kushoto iliyokuwa ikimsumbua marehemu, akakwangua koo tena.

Atupele hakutoka mafichoni. Nelson alipotokea mlangoni akamwona mkewe amejibanza, akakitazama kiti, akavua kofia.

“Shikamoo, tata,” akasema, kama alivyomwamkia baba yake.

Mbwa akapepesa macho. Habari ikafika kanisani hata kabla ya Jumapili na hakuna aliyebisha. Mkamwana anaweza kukosea chumvi kwenye mboga, lakini mkwe hawezi kumkosea. Jina la Watasema likaachwa, mbwa akawa Mzee.

Sasa ni lazima isemwe jinsi Mzee Asegelile alivyokufa, maana msibani walisema ni uzee, na huo ulikuwa uongo uliosemwa kwa kipaza sauti. Mzee alikufa kwa njaa. Alikufa kwa njaa katika nyumba yenye mpunga stoo, kakao juani, na ndizi nyingi mpaka nguruwe wanazisusa. Meno yalikuwa yamemwisha, na kila siku aliwekewa ugali mkavu wa muhogo na usipa, vile vidagaa vya ziwani, wa kukaanga mgumu kama misumari. Aliumung'unya, akautema, akanywa maji. Ufunguo wa stoo alikuwa nao Nelson. Eliud, mwanawe mkubwa, mwenye duka la pembejeo Kyela mjini, alikuja Jumapili baada ya ibada, akamwona baba yake amefunga suruali kwa kamba ya mgomba, akasema wazee hukonda, ndiyo maumbile. Siku ya mazishi wakachinja mafahali wawili. Sufuria za wali zilipangwa kutoka jikoni hadi barabarani, na watu wakarudi makwao wakisema vijana wale wamemsitiri baba yao. Kulisha mzee hakuna anayekuona, kuzika mnaonwa na kata nzima.

Mjane wake, Bibi Naomi, alikuwa hai bado. Alikaa kwenye mkeka kwenye kibaraza cha jiko, naye hakuwa na meno, naye alikuwa akiwekewa ugali uleule na usipa uleule. Alikuwa amekonda kwa namna ileile ya mumewe. Mtu yeyote mwenye macho angeweza kuona hesabu hiyo inakokwenda.

Lakini macho yote yalikuwa kwa mbwa. Wana walikuwa na hofu. Baba aliyekufa akinung'unika, pumzi yake huwa mbaya, huharibu mimba za ng'ombe na huozesha kakao mtini, na huyu alikuwa amerudi kukaa barazani akiwatazama. Eliud akaja siku ambayo haikuwa Jumapili. Akamleta bwana mifugo, kijana aitwaye Aliko, kwa pikipiki.

Aliko alimfunua Mzee midomo kwa adabu, akampapasa tumbo na nyonga.

“Mlikuwa mnampa nini?”

“Ukoko,” Nelson akasema. “Na mifupa.”

“Mbwa wa umri huu mnampa ukoko? Atautafuna kwa meno gani? Mnamuua.” Alikasirika kwelikweli. “Anataka uji mzito wa mchele, ulioiva ukalainika. Samaki atolewe miiba yote. Chumvi kidogo, figo zimechoka. Ale kidogo kidogo, mara nyingi, na chakula kiwe vuguvugu. Asilale sakafuni.”

Eliud alikuwa akiitikia kila neno kama mwanafunzi wa kipaimara. Kutoka kwenye mkeka, Bibi Naomi naye alikuwa akisikiliza, na kila Aliko aliposema jambo, kichwa chake kilikubali. Atupele aliyaona hayo kupitia upenyo wa ukuta wa jiko. Hasira ikampanda. Lakini Mzee alikuwa palepale kitini, na mkamwana hasemi mbele ya mkwe.

Jioni ile stoo ikafunguliwa. Atupele akapika uji wa mchele mpya, ule unaonukia mpaka kwa jirani, akachambua samaki mzima wa mbasa mwiba kwa mwiba. Nelson akaupeleka mwenyewe kwenye bakuli jipya la udongo walilolinunua kwa wafinyanzi wa Kikisi, akaliweka chini kwa mikono miwili.

Mzee akanusa. Akashuka kitini taratibu, akaanza kulisukuma bakuli kwa pua. Alilisukuma uani kote, akipumzika njiani kwa sababu ya nyonga, mpaka likagusa mkeka wa mkewe. Kisha akakaa chini.

“Ndaga fijo,” Bibi Naomi akamwambia, kama alivyomshukuru maisha yao yote. Akachota kwa vidole. Alikuwa amemeza tonge moja tu Nelson alipofika na kulitoa bakuli mikononi mwake.

“Mama, hiki ni cha baba.”

Akampigia Eliud simu hapohapo. “Hakipendi. Amekisukuma mbali.”

Hapo ndipo lilipoanza kosa ambalo lingeweza kufanywa na watu wa nyumba ile tu. Kwao, mkubwa akisogeza sahani amekataa, na akikataa hupewa bora zaidi. Haijapata kutokea mkubwa akasogeza sahani kwa sababu kuna mwingine mwenye njaa. Kwa hiyo Eliud akaleta maini, yakasagwa. Mzee akayasukuma mpaka mkekani. Bibi Naomi akaonja, akanyang'anywa. Wakapika ndizi kwa maziwa mpaka zikawa laini za kulambika. Zikasukumwa, zikaonjwa, zikanyang'anywa. Eliud akaagiza kutoka Mbeya makopo yenye picha ya mbwa aliyechanwa nywele, chakula cha mbwa wazee, kimeandikwa hivyo kwa Kiingereza. Nalo kopo Mzee akalipeleka kwa mkewe, akakwangua koo, akamtazama Nelson usoni kwa muda mrefu.

“Anasema nini?” Eliud aliuliza kwenye simu.

“Nadhani anataka kuku wa kienyeji.”

Kilichobaki kwenye bakuli walimwaga kwa nguruwe, maana chakula cha baba hakigeuzwi kuwa cha mtu mwingine. Nguruwe wakanenepa. Bibi Naomi alirudishiwa ugali wake wa muhogo. Atupele alimpa alichoweza, ndizi mbivu na nusu ya uji wa watoto wake, lakini mchele ulikuwa stoo na ufunguo ulikuwa shingoni kwa Nelson, ukilala naye na kuoga naye.

Alingoja mpaka walipokwenda kupalilia mpunga, mbali na nyumbani, ambako Mzee hakuweza kusikia. Hapo akasimama katikati ya tope na kumwambia mumewe bila kuzunguka.

“Baba yenu hakatai chakula. Anampelekea mama. Mama ana njaa.”

Nelson aliendelea kung'oa magugu. “Unataka nimnyang'anye baba nimpe mama? Laana hiyo utaibeba wewe?”

“Pikeni sufuria mbili.”

“Mama akizidiwa atasema. Ana mdomo.”

“Aliyekunyonyesha hakuombi uji, Nelson. Wewe ulimwomba ziwa?”

“Hayo ni mambo ya ukoo,” Nelson akasema. “Wewe umekuja kwa ng'ombe wetu.”

Akahamia mstari mwingine wa mpunga. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Nelson lilikuwa limeziba siku nyingi.

Ndugu wakakutana sebuleni kulizungumza jambo la chakula. Mzee alikaa kwenye kiti, wana wakakaa kwenye makochi, Mwinjilisti Eliya akaalikwa kwa ajili ya sala. Atupele alikuwa chini ya dirisha na jibu lote mdomoni, na hakuweza kulitoa kwa sababu aliyehusika alikuwa mle ndani. Alifikiria kuivunja desturi. Alifungua kinywa kabisa. Mzee, ndani, akageuza kichwa kuelekea dirishani na masikio yakamsimama kana kwamba naye anamwomba aseme. Ulimi wa Atupele ukakataa. Miaka kumi na moja ya kunyamaza haitoki kwa kutaka tu, na hilo lilimchoma kuliko ujinga wote uliokuwa unasemwa sebuleni.

Uliosemwa ni huu: Eliud alieleza kwamba tatizo si chakula, tatizo ni mama. Mama anamzoesha baba vibaya. Baba anaona haya kula mbele ya mke wake, kama wazee wa zamani, kwa hiyo alishwe ndani na mlango ufungwe. Mwinjilisti alisema jambo hilo lina hekima, akaomba.

Wakamfungia. Kila siku waliingiza uji vuguvugu, samaki asiye na miiba, kuku aliyechambuliwa, na kila siku walivitoa vikiwa vimepoa. Mzee alikaa akiutazama mlango. Alikohoa mara mbili, akakwangua koo. Upande wa pili wa mlango Bibi Naomi alikuja na mkeka wake, akakaa, akaegemea mbao. Mzee alipokohoa, mkewe naye alikohoa. Atupele alipopita alizunguka nyuma ya nyumba, akapitisha kikombe cha uji wa watoto chini ya khanga, na mama mkwe akanywa nusu, nusu nyingine akaimimina kwenye uwazi wa chini ya mlango. Wakasikia ulimi ukilamba saruji. Hicho ndicho kitu pekee Mzee alichokula mle ndani.

Haikutosha wote wawili, wala watoto ambao kikombe kilikuwa chao.

Mzee Asegelile akafa kwa njaa mara ya pili, asubuhi, akiwa amezungukwa na mabakuli. Aliko alikuja, akamtazama, akasema ni uzee.

Wakamzika kando ya kaburi lake la kwanza. Safari hii walichinja fahali mmoja, kwa kuwa wengi wa wageni walikuwa walewale. Kwaya iliuliza kama inaimba nyimbo zote au beti za mwanzo, ikaambiwa beti za mwanzo. Eliud akasimama mbele ya watu na kusema kwamba hakuna kilichopungua, baba alipewa hata vya makopo, na watu wakaguna kwa heshima. Bibi Naomi akaletewa sahani yenye kipande cha shingo ya fahali. Akakilamba chumvi, akakirudisha.

Atupele sasa alikuwa na ulimi wake, maana aliyemnyamazisha alikuwa chini ya udongo. Akasimama palepale kaburini mbele ya ukoo na kusema: “Mmemuua mara mbili kwa njaa, na sasa mnamuua huyu.” Alisema kwa sauti, Kiswahili kwanza kisha Kinyakyusa, ili asiwepo wa kusingizia lugha. Wanawake wawili wakaja wakamshika mikono kwa upole. Wakasema uchungu wa mkwe ni mkubwa, mwacheni alie. Wakampa maji.

Eliud, hata hivyo, si mtu asiyejifunza. Wiki iliyofuata alikuja na gari dogo la mizigo. Akateremsha mchele uliopepetwa vizuri, maziwa ya unga, makopo, godoro dogo, na mbwa jike mpole, wa makamo, mwenye macho ya unyonge. Akavipanga vitu stoo. Kisha akawaita wote uani.

“Kwa baba tulishtukizwa,” akasema. “Tulijifunza chakula chake akiwa ameshazeeka, tukachelewa. Kwa mama hatutachelewa.”

Bibi Naomi alikuwa mkekani. Alimtazama yule mbwa, na mbwa akamtazama. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyepata kumwona akilifanya. Akanyoosha mkono.

“Mwanangu,” akasema, “nina njaa. Naomba uji.”

Nelson akatazama chini. Eliud akaenda akachuchumaa mbele ya mama yake, akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili, kwa heshima yote aliyofundishwa.

“Vumilia, mama,” akamwambia. “Vyako vyote viko tayari. Ukirudi tu utavikuta.”

Akainuka, akamwita Atupele alete uji uliokuwa jikoni. Atupele aliuleta na kwenda nao moja kwa moja mkekani, lakini Nelson alimkinga njia, akaupokea pamoja na sufuria. Akaumimina kwenye bakuli, akaupuliza usiwe wa moto sana, akamwekea yule mbwa, ili aanze kuzoea.