Ushindi wa Bwana Koki

Dobi alifungua tena koki ya nje ya ukumbi, akaitegea sikio, akaifunga. Haikutoa hata mkoromo. Maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima tangu Jumapili, na ofisi ya maji ilitangaza kwamba bomba kubwa limepasuka, kipuri kinasubiriwa kutoka mbali. Kibandani kwake, hatua chache tu kutoka hapo, mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yamerundikana hadi dirishani. Mwenye nyumba hiyo alishamwambia asubuhi: yasipokuwa safi kesho, anayabeba yote na harudi tena. Na huyo ndiye mteja aliyekuwa akiilisha familia ya Dobi.

"Njoo ujaribu suti," mkewe alimwita kutoka ukumbini. "Hiyo koki umeikodolea macho mpaka imeona haya."

Mke wa Dobi alikuwa mshonaji, na kila Jumamosi alasiri aligeuka mtunzi wa mieleka ya mtaa. Ndiye aliyepanga nani apigane na nani, na nani aanguke. Kila mtu alijua mambo yamepangwa, na kila mtu alilia machozi ya kweli. Mkate ulipopanda bei, aliingia ulingoni Bwana Tanuri, akatupwa nje ya kamba. Walimu walipokosa mishahara, akaja Bwana Subirini, naye akala mweleka mpaka viatu vikamtoka. Mabwana wote hao walikuwa Dobi yuleyule, mtu mpole asiyeweza kumfukuza hata paka, kwa sababu hakuna aliyejua kuanguka kama yeye. Siku za kazi bibi muuza mkaa alimwita mwanangu; Jumamosi alimrushia ndala, na Jumatatu akaja kuidai.

Pambano lilikuwa na utaratibu wake ambao hata watoto waliujua. Mshindi hatambuliki mpaka atoke mwenyewe na kikombe, achote maji kwenye koki ya nje, aje amnyweshe yule aliyeangushwa. Akishakunywa, ndipo refa humnyanyua mshindi mkono. Bila hivyo, hakuna aliyeshinda.

Wiki hii Dobi alikuwa Bwana Koki. Suti ilikuwa ya mteja aliyehama bila kuifuata. Tumboni alifungiwa mto, shingoni koki kubwa ya maboksi. Wa kumwangusha alikuwa fundi baiskeli, kijana mwembamba waliyemwita Spoku.

Mchana ofisa wa maji akatokea, ufunguo wa ukumbi ukining'inia kidoleni, maana ukumbi nao ulikuwa chini ya ofisi yake.

"Lile bango la nje," alisema. "Huyo Bwana Koki ni nani?"

"Mtu wa kubuni tu, mzee," mke wa Dobi alijibu.

"Mbona mmemchora na kitambi?"

"Ni mto, mzee. Dobi, mwonyeshe mto."

Dobi alifungua koti, akaonyesha mto, macho yake yakiwa darini.

"Sikilizeni, mimi sina ubaya na mtu," ofisa alisema. "Igizeni. Ila leo nakaa mbele, na huyo bwana haanguki. Anashinda. La sivyo, wiki ijayo mtapigania barabarani."

Dobi alifungua mdomo, mkewe akamwahi. "Atashinda, mzee. Tena kwa utaratibu wote."

Ofisa akaridhika, akaenda kuchagua kiti.

"Mama watoto, umeniuza," Dobi alinong'ona. "Mashuka yananiozea kule, halafu leo nimshindie yeye?"

"Wewe mwangushe Spoku. Kisha fuata utaratibu, mpaka mwisho."

Dobi alimtazama. Kidogo kidogo ule mto ukaanza kutikisika kwa kicheko. Alimpenda sana mwanamke huyu, hasa akiwa na sura hiyo ya mtu asiyejua kitu.

Alasiri ukumbi ulifurika. Bwana Koki alizomewa mpaka kuta zikatetemeka, ndala ya bibi ikamgonga sikioni, kisha mbele ya macho ya watu wasioamini akambeba Spoku, akambwaga. Ofisa peke yake alipiga makofi.

Dobi akachukua kikombe, akatoka. Mlango ulikuwa wazi, wote wakamwona akizungusha koki, akisubiri, akizungusha tena. Akarudi, akakipindua kikombe juu ya kinywa cha Spoku. Halikudondoka hata tone.

"Hajanywa," alisema refa, ambaye alikuwa kinyozi. "Ushindi hakuna."

"Nakufa jamani," Spoku alilalama, ulimi nje. "Koo langu!"

"Maji!" sauti moja ilianza, na mara ukumbi mzima ukaitikia. Bibi muuza mkaa alimwinamia ofisa. "Baba, mtu wako keshashinda. Mpe basi maji amalize."

Ofisa alicheka kidogo, akajifuta shingo, akatazama mlango. Ulikuwa umejaa watu. Akatoa simu, akageukia ukutani.

"Fungulia huku kwetu," walimsikia. "Sasa hivi! Kipuri gani? Nimesema fungulia!"

Haikupita muda, koki ikakohoa. Ikatema maji ya kahawia, kisha meupe. Watu walitazamana, halafu wakatimka kufuata ndoo, refa akiwa mbele. Ofisa alibaki kando ya ulingo.

"Sasa nani kashinda?" aliuliza.

"Mimi bado sijanywa," Spoku alijibu akiwa bado chali.

Dobi hakusubiri mkono wake unyanyuliwe. Alipata zamu yake kwenye koki, akafua akiwa na suruali ya suti, mkewe akisuuza, kamba zikajaa mashuka kutoka kibandani hadi mlango wa ukumbi. Ofisa aliwapita bila salamu, akafunga mlango kwa kufuli, akaenda zake. Shuka la mwisho lilikuwa bado na povu maji yalipokatika.

Dobi aliliminya hivyohivyo, akalitupia kambani.

"Wiki ijayo," mkewe alisema, "utakuwa Bwana Kipuri."

"Na ukumbi umeshafungwa?"

"Barabarani wanaenea wengi zaidi," alisema, akamfungua mto tumboni.