Ubora, Asilimia Sifuri

Siku ya tatu bila televisheni, Fundi alichoka kusikiliza friji. Ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, na katikati hapakuwa na sauti nyingine nyumbani ila kijiko kikikoroga chai. Mtu mwenye macho angesimama dirishani akatazama wapita njia. Yeye macho yalimzimikia miaka minne nyuma, taratibu, kuanzia pembeni kuja katikati, mpaka daktari akamwambia wasidanganyane.

Mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu hakuna aliyelikumbuka jina lake jingine. Kwa miaka thelathini na tano alitengeneza redio, halafu televisheni, halafu yalipokuja madishi akafunga madishi, likiwemo la nyumbani kwake. Sasa sanduku lake la vifaa lilikuwa limefichwa. Mkewe alilificha siku alipojichoma kiganja kwa bisibisi akijaribu kubadilisha plagi. "Basi," mkewe alisema huku akimfunga bandeji. "Umefanya kazi ya kutosha. Kaa." Naye akakaa.

Kilichomkera hakikuwa kukosa taarifa ya habari. Hiyo angeisikia redioni. Ila kila jioni saa moja mkewe alikuwa akitazama tamthilia na kumsimulia yale yasiyosikika: nani kaingia, kavaa nini, nani kamkata nani jicho. Alisimulia kwa upendeleo wa waziwazi. Mhusika asiyempenda hakuwahi kuvaa vizuri hata siku moja. "Huyo kaja na gauni kama pazia la hospitali," angesema, na Fundi angecheka mpaka chai imwagike. Tangu king'amuzi kigome, mkewe alimaliza kula, akaosha vyombo, saa mbili akaenda kulala. Yule fundi wa kampuni alipigiwa simu mara nne, na mara zote nne alikuwa njiani.

Jumatatu hiyo mkewe alikwenda kumwona dada yake, akaaga kwamba atarudi saa kumi. Fundi alibaki na mkamwana wake. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, wiki mbili yuko barabarani, na binti huyo, ambaye ni msusi, alihamia kwa wakwe wakati paa la nyumba yao likibadilishwa. Alikuwa binti mpole. Alimwamkia Fundi kila asubuhi kwa sauti ndogo, akamwekea kikombe pale pale mkono ulipozoea, kisha akatoweka kama mtu aliyeingia ofisi ya bosi kwa makosa.

"Mwanangu," Fundi aliita. "Leo una kazi?"

"Hapana Baba. Jumatatu saluni huwa tunafunga."

"Basi njoo uniazime macho."

Binti akaja. Fundi alimwambia awashe televisheni na amsomee kilichoandikwa.

"Hakuna mawimbi. Kagua waya wa dishi."

"Hakuna neno malipo?"

"Hakuna. Mama alilipa juzi, nilikuwepo."

"Haya. Zima kila kitu ukutani. Chomoa kadi, nipe."

Alipangusa kadi kwa pindo la shati, akaipulizia, akamrudishia. Walikaa dakika tano bila umeme, Fundi akizihesabu kwa vidole kwenye goti, kisha binti akawasha. King'amuzi kiliguna, kikawaza, kikaleta maneno yale yale. Fundi alimwelekeza kwenye rimoti: kitufe cha menyu, chini mara tatu, ingia, kulia mara moja. Hakuwahi kuisahau njia ile. Vidole vyake vilikuwa vikicheza hewani wakati akiisema.

"Kuna mistari miwili, Baba. Nguvu, sifuri. Ubora, asilimia sifuri."

Fundi akatabasamu. Ilikuwa muda mrefu hajapata kitu cha kukifikiria. "Ingekuwa dishi limepinda tu, nguvu ingebaki na ubora ndio ungeanguka. Zikiwa sifuri zote mbili, huo ni waya."

Alipiga magoti nyuma ya kabati, akafungua waya kwenye king'amuzi, akaupapasa ncha. Ilikuwa laini, kavu, haina neno. Basi ubovu ulikuwa nje, upande wa pili, kule juu kwenye dishi. Akabaki amepiga magoti.

"Tungekuwa na vifaa," alisema. "Kuna sanduku langu la chuma, mama yako kalificha. Sijui wapi."

"La kijani? Lina mpini umevunjika?"

"Hilo hilo."

"Baba, nisamehe. Liko chini ya kitanda changu. Huwa nalivuta nilikanyage nikitaka kufika rafu ya juu."

Lilipowekwa mbele yake na kufunguliwa, harufu ya risasi ya kulehemu na mafuta ya mashine ilimpanda puani. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Plaisi, bisibisi nne, spana namba kumi, na ndani ya kopo la dawa ya viatu, vichwa vipya vya waya wa dishi, sita. Alivihesabu mara mbili, si kwa haja, ila kwa raha.

"Nipande mimi," binti alisema walipotoa ngazi.

"Upande, ukifika ufanye nini? Na mimi nibaki kwenye skrini nisome nini?"

Binti akajaribu kujizuia, akashindwa, kicheko kikamtoka puani. Ndiyo mara ya kwanza Fundi kukisikia, na kilikuwa kicheko kikubwa kuliko alivyodhani. Akaendelea, "Kule juu kazi yenyewe ni ya kupapasa. Wewe shika ngazi. Sogeza televisheni dirishani igeuke nje, usome ukiwa hapo hapo."

"Na Mama akirudi?"

"Akirudi atakuua wewe kwanza, maana mimi ananihurumia."

Alipanda. Binti alimshika kifundo cha mguu kwa woga na heshima, akamwambia, "Samahani Baba," kila aliposogeza mkono. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha tano bega lake liligusa ukingo wa dishi.

"Shule niliachia kidato cha pili," alisema Fundi akihema. "Leo nimefika cha tano."

Kichwa cha waya kilikuwa kimeoza. Alikisikia kwa kucha kabla hajakifungua: unga mkavu, na chumvi ya kutu. Maji ya mvua yalikuwa yameingia. Alikifungua, akashusha ncha ya waya, akashuka mwenyewe, wakakaa wote wawili kwenye ngazi ya mlangoni. Fundi alikata sehemu iliyooza, akachuna ganda la juu. Chini yake kulikuwa na nyuzi nyembamba kama nywele zilizosukwa, na hizo zilitakiwa zifumuliwe, zirudishwe nyuma, usibaki hata uzi mmoja unaogusa waya wa katikati. Hapo vidole vyake vikakwama. Uzi mmoja ulimtoroka, akaukamata, ukamtoroka tena.

"Nipe, Baba." Binti aliuchukua, na ndani ya nusu dakika akamrudishia. Fundi alipapasa. Nyuzi zote zilikuwa zimelazwa nyuma, sawasawa, kama kichwa kilichochanwa kwa ajili ya harusi.

"Nani kakufundisha?"

"Hii mbona ni nywele tu. Nimeshika vichwa vikorofi kuliko hiki."

Fundi akakaza kichwa kipya, akapanda tena, akakiunga. "Soma!"

"Nguvu sabini na nne! Ubora... kumi na mbili."

Fundi akaguna. Sasa waya ulikuwa mzima, ila dishi lenyewe lilikuwa limevutwa. Alipapasa mkono wa chuma unaolishika, kuanzia ukutani, na katikati vidole vikakuta kitu kisichohusika: kipande cha kamba ya kuanikia nguo, kimekatika, kimebaki na fundo lake.

"Mwanangu, kuna mtu kafunga kamba hapa akaanika. Kitu kizito."

"Baba, si mimi. Wallahi si mimi. Mablanketi yalifuliwa Ijumaa, na Ijumaa mimi nilikuwa saluni mpaka jioni."

"Sikukushuku," alisema. Na ni kweli, maana fundo alikuwa ameshalitambua. Limezungushwa mara mbili, likapitishwa chini, mkia ukachomekwa ndani usionekane. Mtu mmoja tu alifunga hivyo. Alifunga hivyo mizigo, mifuko ya unga, na bandeji ya kiganja. Fundi alianza kucheka, akacheka mpaka ngazi ikatikisika na binti akamkumbatia miguu yote miwili, samahani zimemwisha.

"Baba! Utaanguka! Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Tumelaumu mvua, tumelaumu kampuni, tumelaumu na serikali." Akaichomoa kamba pamoja na fundo lake, akaitia mfukoni. "Hili tusiliseme."

Alilegeza nati mbili kwa spana, akaanza kusogeza. Kazi hii haitaki nguvu. Unasogeza kidogo mno, unangoja, king'amuzi kinawaza, ndipo namba inakuja. Alilaza shavu kwenye ubaridi wa dishi, akafumba macho kwa mazoea ya zamani.

"Kumi na tisa," binti alisoma. "Ishirini na sita. Kumi na nne, Baba, imerudi."

Akarudisha.

"Thelathini na moja. Arobaini."

Geti likalia. Fundi hakulisikia vizuri, kwa sababu alikuwa amesogeza tena na anangoja. Namba ilichelewa. Ilichelewa zaidi. Alihisi ngazi ikishikwa upande wa pili kwa mkono mwingine, mkono usiotetemeka.

"Hamsini na nane," sauti ilisema, na haikuwa ya binti.

Fundi aliganda. Mkewe alikuwa mwanamke wa kupiga kelele; alipiga kelele maziwa yakichemka, alipiga kelele akiona mende. Kama angepiga kelele sasa, mguu wake Fundi ungeteleza, na wote watatu walilijua hilo.

"Umesimama kwa nini?" mkewe alisema, polepole kabisa, kama anayemsomea mtoto. "Sogeza. Hamsini na nane."

Akasogeza.

"Sitini na moja. Sitini na tisa." Alikuwa anahema, alipita geti mbio. "Sabini na saba. Themanini na mbili, mume wangu. Picha imekuja. Kaza hapo hapo."

Alikaza nati ya kwanza, akakaza ya pili. Dirishani mtangazaji alikuwa anazungumza juu ya hali ya hewa, na hakuna aliyemsikiliza. Mkewe alimhesabia vidato vya kushuka, kimoja kimoja, kwa sauti ile ile ya upole, mpaka kiatu chake cha pili kilipogusa saruji.

"Sasa," mkewe alisema.

Ikaanza. Majirani wa nyumba tatu walisikia. Alimwuliza kama ana akili, akajijibu kwamba hana. Alimwuliza kama anataka afanywe mjane mwezi huu au anaweza kungoja mwezi ujao. Alimgeukia binti, akamwita mwuaji mwenye sura ya malaika, kisha akamvuta, akamkumbatia, akamwuliza kama amekula. Alilia kidogo, akakana kwamba analia. Wakati wote huo, mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mkono wa shati la Fundi, na haukuachia.

"Kwani kiliharibika nini?" aliuliza alipoishiwa pumzi.

"Waya uliingia maji," Fundi alisema. "Halafu upepo ukavuta dishi."

"Upepo."

"Upepo mkali sana. Wa Ijumaa."

Binti alikimbilia ndani kubandika chai.

Jioni waliketi wote watatu. Tamthilia ilikuwa imesonga mbele vipindi vitatu, kwa hiyo mkewe ilimbidi abuni yaliyopita kabla ya kusimulia yaliyopo, na binti, aliyekuwa anaona skrini vizuri tu, aliitazama, akamtazama mama mkwe, akauma mdomo asicheke. Katikati ya matangazo mkewe akasema ghafla, bila kumtazama mtu, "Mablanketi yalikuwa mazito."

"Mablanketi gani?" Fundi aliuliza.

"Usijifanye. Ulijuaje?"

Fundi akatoa kile kipande cha kamba mfukoni, akamwekea mapajani. Mkewe alilipapasa lile fundo, akampiga begani, kofi la mapenzi, na akaacha mkono hapo hapo.

"Mama," binti alisema, akaona hii ndiyo nafasi. "Mashine yangu ya kukaushia nywele pale saluni imekufa. Wateja wanakauka kwa jua. Nilitaka kuuliza kama Baba..."

"Asiende na ngazi," mkewe alisema.

Alhamisi walikwenda wote. Mkewe ndiye aliyebeba sanduku, amelifuta vumbi, ameufunga mpini uliovunjika kwa kitambaa. Saluni ilikuwa chumba kimoja, viti vitatu na kioo kirefu, na wanawake wanne waliokuwa wanapiga soga wakanyamaza Fundi alipoketishwa kwenye kigoda na mashine ikawekwa mapajani mwake. Aliifungua, akaipapasa, akainusa, akamwambia binti amsomee rangi za nyaya. Alikosea mara ya kwanza. Mara ya pili mashine ilivuma, ikamrushia upepo wa moto usoni, na mteja mmoja aliyekuwa na nusu ya kichwa kilichosukwa akauliza kama mzee huyu anatengeneza na pasi.

"Anatengeneza," mkewe alijibu kutoka kiti cha katikati, shingo imeinama chini ya mikono ya binti. "Lakini mzilete wenyewe nyumbani. Na mje kabla ya saa moja, baada ya hapo tuna kazi."