Akidi Pungufu ya Mtu Mmoja

Usiku wa kuamkia leo niliota nimerudi Barazani, miaka kumi na miwili tangu wapigakura waniambie nikapumzike.

Nilikuwa mwakilishi kwa vipindi viwili. Nilipeleka hoja moja tu ya maana: daraja la mbao pale mto wa Chumvini, watu wasivuke na nguo kichwani. Siku ya kura akidi ilipungua mtu mmoja, hoja ikaanguka. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoka kunywa kahawa.

Sasa nimesimama mlangoni, kikombe mkononi, mguu mmoja ndani. Siwa, ile fimbo ya heshima ya Baraza, imelala mezani, inahesabu wajumbe.

"Ishirini na tisa na nusu," inasema. "Nusu ni Mheshimiwa Khatib. Tunataka thelathini."

"Naingia," nasema.

"Nimalize kwanza," kinasema kikombe. "Mara ile ulininywa mpaka tone la mwisho."

Hoja yangu imekaa ukingoni mwa meza. Ni bibi mnene wa Chumvini, kanga imelowa mpaka magotini. Kanuni ni kanuni: akidi isipotimia, hoja huanguka. Ameshaanza kuteleza.

"Khatib mwanangu," anasema, "nikianguka mara hii siinuki. Nyonga yenyewe ndiyo hii uliyonivunja."

Naweka kikombe sakafuni. Kinaomba mwongozo wa Spika. Spika, ambaye ni birika, anajibu kwamba vyombo haviruhusiwi kuomba mwongozo.

Nauvuta mguu wa pili. Mzito kama umefungiwa jiwe. Unaingia.

"Thelathini!" inapaza sauti siwa.

"Wanaoafiki waseme ndiyo!" anaita Spika.

Tunasema ndiyo mpaka paa linaondoka. Kuta nazo hazipo; tuko mtoni, na kila ndiyo inatua majini ikiwa ubao. Bibi anaruka chini kama msichana, ananishika mkono. Tunavuka mbio, nyayo kavu!

"Umechelewa," ananiambia ng'ambo. "Lakini ile kahawa ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa ya moto."

"Haya basi."

Nimeamshwa na mke wangu, Zuwena. Amesimama na ufagio.

"Bwana, hivi viatu vya Barazani umevitoa sandukuni lini? Na huu unga wa mbao kwenye soli umeutoa wapi?"

Nimeunusa. Mbao mbichi.

"Usivifute," nimemwambia. "Nipe nivivae, nishuke Chumvini."