Anayeshika Kadi

Katika kiwanda cha pweza hakuna kinachobaki kisafi kwa wiki nzima. Maji yanaruka, wino unaruka, na mikono yenye ute inagusa kila kinachogusika. Kwa hiyo Sabiha alipoikuta kadi yake ukutani, juu ya pipa la klorini, inang'aa kama siku aliyoitundika miezi mitatu nyuma, hakuhitaji kumuuliza mtu. Kadi ile haikuwahi kushikwa na mikono ya kazi.

Alikuwa ameitwa kwa simu kutoka nyumbani kwake Usagara. Kazi yake ni kubuni mafunzo ya watu wazima mahali pao pa kazi, pamoja na vitu vya kuwasaidia wasikosee baada ya mafunzo kwisha: kadi, alama za ukutani, rangi za madumu. Kadi ya klorini ilikuwa na hatua nane, kila moja na picha yake, na katikati kisanduku cheupe ambamo namba ya vikombe iliandikwa kwa kalamu inayofutika. Kisanduku kile kilikuwa na sababu: ukali wa dawa hubadilika, na namba lazima ibadilike nayo.

Na dawa ilikuwa imebadilika. Muuzaji alileta klorini kali mara nne kuliko ya zamani, ndani ya madumu yaleyale ya buluu. Zebedayo, meneja wa ubora, alifuta nne kwenye kadi akaandika moja. Jumatatu asubuhi Badru, mchanganya dawa, akamimina vikombe vinne. Wanawake waliokuwa wakiosha pweza walianza kwa kupiga chafya, kisha macho yakawawasha, kisha viganja vikachubuka. Bibiana, mkuu wa zamu, alifungwa bandeji mikono yote miwili. Pweza wote wa asubuhi ile walitupwa.

"Kwenye mtihani wako Badru alipata mia kwa mia," Zebedayo alimwambia Sabiha wakiwa wamesimama mbele ya pipa. "Ndiye aliyeongoza."

"Najua."

"Mkurugenzi anataka jibu Ijumaa. Ama uniandikie kwamba mzee huyu anaaminika hapa, ama namwondoa. Na nikimwondoa hapa sina pengine pa kumweka. Amebakiza miaka miwili astaafu, nami sipendi, lakini ndivyo ilivyo."

Sabiha aliukumbuka mtihani wake. Aliwataka watu wazitaje hatua nane bila kutazama. Badru alifumba macho akazitaja kwa pumzi moja, na darasa zima likampigia makofi. Sasa aliona alichokuwa amekipima. Kadi ilikusudiwa kuiondolea kumbukumbu mzigo. Mtihani ukaurudisha mzigo palepale na kuutunuku alama. Lilikuwa kosa la ubunifu, na kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa kubuni upya.

Siku ya pili alifika kabla ya zamu kuanza, akamkuta Badru penye pipa.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Najua umekuja kwa ajili yangu."

"Nimekuja kwa ajili ya kadi. Leo isome kwa sauti, mstari kwa mstari, kabla ya kumimina."

Badru akaanza kusoma. Hakufika mstari wa tatu.

"Jamani, maalim anadesa kama mtoto kwenye mtihani!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka kwenye meza za kuoshea.

"Miaka yote hii kumbe alikuwa hajui!"

"Mwacheni, macho hayo. Maalim, tukuazime miwani?"

Badru alicheka pamoja nao, lakini mistari iliyobaki aliisema akiwa ameipa kadi mgongo.

Alhamisi asubuhi Sabiha alijaza maji matupu kwenye dumu, akaandika mbili kwenye kisanduku, akamwomba Badru achanganye. Badru aliitupia kadi jicho kama mtu anayemsalimia jirani asiyetaka kusimama naye, akamimina kikombe kimoja. Alikuwa amekwisha kuihifadhi namba mpya ya Zebedayo. Sabiha aliandika alichokiona.

Mchana aliwakuta nyuma ya mashine ya barafu. Tahiri, fundi wa chumba cha baridi, mtu wa miaka arobaini na kitu, alikuwa amekaa juu ya kreti, macho ameyafumba, akisoma sura kwa moyo. Badru, ambaye jioni alifundisha madrasa huko Makorora, alikaa mbele yake na msahafu wazi magotini, kidole chini ya mstari. Tahiri alijikwaa.

"Rudi," Badru akasema.

Tahiri akarudi nyuma, akapita pale alipojikwaa, akaendelea hadi mwisho. Sabiha alingoja wamalize.

"Maalim, sura hiyo wewe umeihifadhi?"

"Tangu sijaota ndevu."

"Mbona unatazama?"

Badru alimwangalia kama anayejiuliza huyu kalelewa wapi. "Nisipotazama nitamrudishaje? Tutakosea wote wawili, tuondoke tumeridhika."

"Yeye mwenyewe hurudishwa," Tahiri akadakia. "Mwaka jana kwenye tarawehe alikosa, watu watatu wakamrudisha kwa mkupuo."

"Walikuwa wawili," Badru akasema. "Na ni haki yao."

Sabiha hakuhitaji zaidi. Jioni ile aliugawa mchanganyo kati ya watu wawili: mmoja aseme hatua kwa sauti huku anamimina, mwingine amfuatie kwenye kadi na kumrudisha akikosea. Badru atataja, kama alivyozoea. Wa kushika kadi alimchagua Precious, msichana aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi, msomaji mwepesi kuliko wote kiwandani. Kwa uchaguzi huo alikosea mara ya pili.

Ijumaa asubuhi alijaza tena maji matupu kwenye dumu, akabandika lebo ya ukali mwingine, akaandika mbili kwenye kisanduku. Zebedayo alisimama mlangoni, mikono nyuma. Wanawake wa zamu walikuwa wamekwisha kufunga aproni.

"Ya kwanza, glavu," Badru akasema. "Ya pili, maji hadi kwenye alama."

Kidole cha Precious kilishuka mstari kwa mstari.

"Ya tano, kikombe kimoja."

Precious aliinua macho. Alifungua kinywa, akakifunga. Kikombe kikamiminwa.

"Amekosea," Zebedayo akasema.

"Nani?" Badru akageuka. "Precious, nimekosea?"

"Ndiyo, baba. Ni viwili."

"Uliona?"

"Niliona."

"Kabla sijamimina?"

Precious akainamisha kichwa. "Nitakukatizaje, baba, mbele za watu?"

"Basi," Zebedayo akasema, si kwa ukali. "Bi Sabiha, nadhani sote tumeona."

Walikuwa wameona. Lakini Badru hakumsikia meneja wake. Uso ulikuwa umemwiva kwa hasira, na hasira ile haikuwa juu ya kikombe.

"Huko si kusikiliza! Ushike maandishi, uone kosa, unyamaze? Kosa la msomaji linakuwa lako. Lete hapa." Alimnyang'anya kadi, akavua glavu akampa, na kikombe akampa. "Anza mwanzo. Kwa sauti, na hawa wasikie."

Precious alimtazama Sabiha. Sabiha alimtazama Zebedayo.

"Ni maji tu," Sabiha akasema. "Nipe dakika tano."

Zebedayo akaitika kwa kichwa. Sabiha aliichukua kadi, akafuta mbili akaandika moja na nusu, akabadilisha na lebo ya dumu, kisha akamrudishia Badru bila Precious kuona.

"Hatua ya kwanza, maji hadi..."

"Rudi."

"Hatua ya kwanza, glavu."

"Mwenzangu, leo utakoma!" Bibiana akamwambia, na wengine wakacheka. Badru hakuinua uso. Kidole chake kilikuwa chini ya mstari.

"Ya tano, vikombe viwili."

"Rudi."

"Ni viwili, baba. Si nilikuwa nayo mimi kadi, nimeona mwenyewe."

"Uliona zamani. Hapa pameandikwa kimoja na nusu. Tazama na lebo ya dumu. Rudi."

Precious akaitazama lebo, akapima kimoja na nusu, akamimina.

Zebedayo alisogea karibu na pipa. "Kwa hiyo kwenye jibu langu nimwandikeje mzee huyu?"

"Maalim Badru haaminiki na kikombe," Sabiha akasema, na Badru alikuwa palepale. "Jumatatu, jana na leo, amemimina anachokikumbuka. Hilo nitaliandika. Anaaminika na kadi. Hilo nalo nimeliona, nitaliandika. Hakuna dawa itakayoingia kwenye pipa kabla yeye hajaridhika."

"Watu wawili kwa kazi ya mmoja."

"Kwa dakika chache asubuhi na mchana. Jumatatu ulipoteza zamu nzima."

"Na siku asipokuja?"

"Ashike Bibiana. Huyo haoni haya kumkatiza mtu."

"Hiyo kweli kabisa!" wanawake wakasema, na Bibiana akawaonyesha bandeji zake kana kwamba ndizo cheti chake.

Badru alikuwa akikitazama kikombe mkononi mwa Precious. Mpini wake ulizungushiwa utepe mwekundu; aliufunga yeye mwenyewe, mtu mwingine asikichukue.

"Kwa hiyo mie sikishiki tena?"

"Hapana, maalim."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Sabiha alifungua daftari lake.

"Haya, andika," Badru akasema mwishowe. "Lakini kama kadi ni yangu, namba naandika mie. Asiiguse meneja, asiiguse mtu."

Zebedayo alifikiri kidogo. "Utaiandika ukiwa umesoma lebo?"

"Nitaisoma, na Bibiana atanifuatia."

"Sawa. Unabaki," Zebedayo akasema, akamkabidhi kalamu.

Pipa likamwagwa, dumu la dawa halisi likaletwa. Badru aliisoma lebo, Bibiana akaisoma baada yake, namba ikaandikwa. Precious akaanza, safari hii bila woga, maneno yakimtoka moja juu ya jingine. Alipofika hatua ya tatu Badru akasema, "Rudi."

"Nimekosea wapi, baba?"

"Hujakosea. Umekimbia, kidole changu kimebaki nyuma. Rudi mwanzo."

Zebedayo alitazama saa yake. Pweza walikuwa wakingoja kwenye barafu, na wanawake walisimama na ndoo zao tupu mikononi. Precious akaanza tena, polepole, na hakuna aliyechovya ndoo hadi Badru alipokiinua kidole chake kutoka kwenye mstari wa nane.