Daktari Chupa Moja

Kuna huruma ambayo ukiichunguza ni uvivu tu. Daktari Adelard alikuja kulijua hilo akiwa amechelewa.

Pale hospitali ndogo ya Temeke wagonjwa walimwita Daktari Chupa Moja, naye alilipenda jina hilo. Maabara ilitoza kwa chupa. Basi akishamwingiza mtu mpira wenye kamera tumboni, akakata kinyama huku na kinyama kule, vyote alivitumbukiza kwenye chupa moja ya dawa ya kuhifadhia ili mgonjwa alipie mara moja. Watu walimshukuru. Kwamba chupa moja ilimuwahisha na yeye kumaliza foleni, hilo hakumwambia mtu.

Ndipo akaja Mwalimu Demetria, mstaafu, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa kule Segerea, ambamo Adelard naye alisali. Alikutwa na vidonda viwili, kimoja juu kabisa ya tumbo, kingine chini kabisa. Mpira ule ulimtesa. Alikohoa, akatapika, akalia mbele ya watu aliowazidi umri. Adelard akamshika bega.

"Pole, mwalimu. Ndiyo imeisha, humezi tena."

Majibu yakarudi: kansa ipo. Zoeb, daktari wa upasuaji, akapiga simu.

"Braza, ipo kwenye kidonda kipi? Kama cha chini, nakata nusu ya tumbo. Kama cha juu, hiyo ishu nyingine kabisa."

Adelard akaisoma tena karatasi ya majibu. Vinyama vyote vililala chupa moja, nani angevitenganisha?

"Hujui?"

"Sijui."

"Basi arudie, tena upesi. Mie sikati mtu kwa kubahatisha."

Masikio yakamwaka moto. Siku ile ile akamwita mwalimu, akamweleza habari ya kansa kwa upole na bila kuficha. Lakini ilipofika kusema kwa nini arudie kipimo, ujasiri ukamwisha.

"Watu wa maabara wamekosea, mwalimu. Itabidi umeze tena."

Mwalimu akafumba macho. "Nao ni binadamu," akasema.

Jumamosi jumuiya ilikutana nyumbani kwa mwalimu. Yalipofika maombi, mwalimu akasimama, gauni likimpwaya.

"Tuwaombee vijana wa maabara waliokosea kipimo changu. Mungu asiwahesabie kosa."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wakaitikia wote. Adelard naye akaitikia, kwa mdomo wake mwenyewe. Baadaye chai ilimpoa mkononi. Mbele ya Zoeb alikuwa ameona aibu ya kazi, lakini hii ilimwingia mpaka rohoni, akatamani ardhi ipasuke.

Siku ya kurudia, juu ya meza zilisimama chupa mbili, moja imeandikwa "juu", nyingine "chini". Mwalimu alikuwa amekwisha kupuliziwa ganzi kooni na kung'ata kile kidude cha kulinda meno. Na hapo ndipo daktari wetu alipochagua kutubu, mwenzake akiwa hana ulimi wa kumjibu!

"Mwalimu, maabara hawakukosea. Ni mimi. Nilichanganya vinyama kwenye chupa moja. Niliwasingizia."

Mwalimu akamtazama. Akaziangalia zile chupa mbili. Kisha akakitoa kidude mdomoni, mate yakimchuruzika kidevuni, akasema neno mojamoja kwa ulimi mzito:

"Fanya kazi kwanza. Halafu utaniambia tena, nikiwa na uwezo wa kujibu. Na Jumamosi utawaambia wenzetu kosa tuliloliombea ni la nani."

Akakirudisha kidude mwenyewe, akalalia ubavu wa kushoto.

Adelard akaingiza mpira. Vinyama vya kidonda cha juu akavitia chupa yake. Vya chini akavitia chupa yake. Maisha yake yote ya kazi aliharakisha kumaliza, na leo aliomba kipimo kisiishe, asije akafika kwenye jibu la mwalimu. Mwalimu akajikunyata, akakohoa, machozi yakamtoka. Adelard akaona haya hata kwa ombi hilo.