Milioni Moja na Moja

Wifi yake Mama hakuwa hata amekaa sawasawa kwenye kiti alipoanza.

"Wifi, leo sina maneno mengi. Mtoto wa kaka yangu akirudi kazini namwambia aoe mke mwingine. Au utamtetea huyo mwalimu wako?"

Mama akatupia jicho mlango wa chumbani. "Punguza sauti, jamani. Mkwe yumo humo, anatunga mtihani wa hesabu."

"Mitihani anatunga, mimba hatungi!"

Mama hakucheka. Aliwaza jinsi mkwe huyo anavyomkanda magoti yakimvimba, na anavyompozea chai kwanza, maana anajua jino lake linauma. Lakini tangu maneno haya yaanze hajawahi kufungua kinywa kumtetea. Wifi yake mkali, na Mama ni mtu wa kumeza.

Mara sauti ya mkwe ikatoka chumbani, anaongea na simu.

"Shoga, nimejaribu kila njia mpaka nimechoka. Hakuna kitu. Ni tasa."

Wifi akajipiga paja. "Umesikia? Kwa kinywa chake mwenyewe! Kapewa majibu ya hospitali huyo." Akachomoa simu kwenye mkoba. "Sisubiri arudi. Nampigia mwanao sasa hivi."

Mama akanyoosha mkono, akaifunika simu ya wifi yake.

"Hupigi."

"Wifi!"

"Tasa, si tasa, huyu hatoki humu ndani. Na ukimtafutia mwanangu mke mwingine, mtafutie na mama mwingine kabisa."

Walikuwa bado wanatazamana hivyo, mkono juu ya mkono, mkwe alipofungua mlango wa chumbani kwa kishindo, karatasi ya mtihani mkononi.

"Mama! Nilikosea! Si tasa!"

Wifi akaduwaa. "Majibu yamebadilika?"

"Yamebadilika, shangazi! Ile namba ya kwenye mtihani, milioni moja na moja. Nilidhani ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nimeijaribu kwa mbili, tatu, tano, saba, nikapanda hivyo hivyo mpaka tisini na saba. Yote inakataa, nikakata tamaa. Kumbe ningesogea kidogo tu! Mia moja na moja, mara elfu tisa mia tisa na moja, unaipata kamili. Watoto wa watu ningewakosesha bure."

Mwalimu akaiona ile simu, na mkono wa mama mkwe uliokuwa bado umeing'ang'ania. Furaha ikamtoka usoni.

"Mlidhani nani tasa?"

Mama alitamani kudanganya, akashindwa. "Wewe, mwanangu."

"Na mama ukasemaje?"

Wifi ndiye aliyejibu, huku amenuna, anaangalia pembeni.

"Kasema hutoki."

Mwalimu akakaa sakafuni, akaegemea magoti ya mama mkwe, akalia bila sauti. Wifi akairudisha simu mkobani, akapekuapekua, kisha akamsogezea kitambaa.

"Haya, jifute. Usije ukaulowesha mtihani wa watu."